Nauli ya Wawili Wapendanao

Kwa mnaoanza kunisoma leo, msiwe na wasiwasi, aibu zangu hazihitaji maelezo marefu. Mimi ni fundi cherehani mwenye mkono wa birika. Nina mapacha wa miaka kumi na minne walio shule ya bweni, na nina mke ambaye miezi mitatu sasa yuko kwao, mji wa mbali, safari ya saa moja na nusu kwa ndege na siku mbili kwa basi.

Wasomaji wangu wa siku zote mnakumbuka kisa cha viatu. Ndoa yetu ilitimiza miaka kumi na minane, nami nikamletea mke wangu viatu vya ngozi, vizuri kabisa, nusu bei. Vilikuwa nusu bei kwa sababu cha kushoto kilikuwa namba thelathini na nane na cha kulia namba arobaini. Nikamshauri hicho cha kulia akitie pamba.

"Kwako kila kitu ni cha kupunguzwa," alisema. "Nangoja siku utakayonipunguza mimi."

Hakungoja hata wiki. Alifunga mizigo akaondoka.

Mara ya mwisho niliwaacha pale simu yake ilipoingia, baada ya miezi mitatu ya kimya.

"Baba Pacha," alisema, "Jumamosi ya wiki ijayo saa nane mchana mjomba, shangazi na kaka watakaa kikao. Ukitaka tuendelee, njoo ukae mbele yao. Usipokuja, Jumatatu nawahamisha watoto, watasoma huku, na mimi na wewe tumemalizana."

"Nakuja. Nakuja kwa ndege."

"Ndege ipi?"

Nikalitaja lile shirika kubwa, ambalo abiria wake hupewa chakula cha moto na vijiko vya chuma.

"Umekata tiketi ya huko? Wewe?"

"Mimi."

Sauti yake ikalainika, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kabla ya viatu. "Haya," akasema. "Safari njema."

Sasa nikiri. Sikuwa nimekata tiketi yoyote.

Nia yangu ilikuwa safi. Kesho yake nilikwenda duka la intaneti, nikafungua ukurasa wa lile shirika kubwa, nikaiona bei, nikaufunga. Nikaufungua tena, nikidhani labda nimesoma vibaya. Bei ilikuwa palepale.

Ndipo pembeni mwa kioo likatokea tangazo jekundu la shirika jingine, la bei nafuu. "Ofa ya Wawili Wapendanao. Mume na mke wanaosafiri pamoja, kila mmoja alipe robo ya nauli." Robo, ndugu zangu. Niliisoma mara tatu na kila mara ilikuwa robo.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Ofa ilitaka mke, na wangu alikuwa upande wa pili wa safari.

Hapa ndipo anapoingia Mama Mita. Ni mama mjane anayeuza vitambaa sokoni, na mimi ni mteja wake miaka kumi na moja. Mke wangu hajawahi kumwona, maana duka lake liko upande wa pili wa mji na ununuzi ni kazi yangu. Kila mwezi Mama Mita husafiri kwenda mji huohuo wa akina mke wangu, kununua mabaki ya majora kiwandani. Nikamfuata dukani.

"Ngoja nielewe," alisema, mkasi ukiwa katikati ya kitambaa. "Unakwenda kumbembeleza mkeo arudi, kwa tiketi ya mume na mke, na huyo mke ni mimi?"

"Ni kwenye karatasi tu."

"Fundi, wewe una akili timamu?"

"Ni robo ya nauli, Mama Mita."

Mkasi ukasimama. Akatazama dari, akatazama majora yake, akanitazama mimi. "Robo kweli?"

Nilijisikia vizuri kidogo. Sikuwa peke yangu duniani.

Jumamosi tulifika uwanjani saa kumi na mbili asubuhi, ndege ikiwa ya saa mbili. Mimi nilikuwa na begi moja, na ndani ya begi mlikuwa na gauni.

Kuhusu gauni naomba mnihurumie kidogo. Nililishona kwa usiku saba, la zambarau, lenye bitana na shanga kuanzia kifuani hadi kiunoni, kwa vipimo vya mke wangu ambavyo sikuhitaji kuvitafuta popote. Kitambaa nilikinunua kwa Mama Mita bei kamili, bila kuvutana bei hata kidogo, hadi akaniuliza kama naumwa. Zipu tu ndiyo niliyoiokota kwenye fungu la mabaki.

Dada wa kaunta akaweka begi langu kwenye mizani. "Kilo kumi. Ofa yenu inaruhusu saba kila mmoja. Hizo tatu utalipia."

Akataja bei. Ilizidi nauli yenyewe.

"Na mama huyu? Begi lake si dogo?"

"La mama ni saba kamili."

"Hakuna namna nyingine, binti yangu?"

"Kilichovaliwa mwilini hatukipimi," akasema, na nadhani mpaka leo anajuta.

Nikamgeukia Mama Mita.

"Usiniangalie hivyo," alisema.

"Ni mpaka tupite ukaguzi tu. Ukifika chumba cha kusubiri unavua."

"Gauni la mke wa mtu?"

"Ni bitana na shanga tu, Mama Mita. Livae juu ya nguo zako."

Akaenda msalani akarudi amelivaa. Mke wangu ni mwembamba, Mama Mita ni mnene kama jora zima. Gauni lilimkaa, lakini lilimkaa kwa nguvu, na zipu ilipanda mgongoni ikilalamika. Begi likapimwa, likawa saba. Nikamwambia amependeza. Akaniambia ninyamaze.

Kwenye ukaguzi askari akafungua begi langu, akatoa mkasi wangu mdogo wa kufumulia nyuzi, akautupia kwenye ndoo. Sikulalamika, mkasi wenyewe niliupata bure kwenye boksi la cherehani.

Tulipofika chumba cha kusubiri Mama Mita akaenda kuvua. Akakaa sana. Aliporudi bado alikuwa amevaa, na mkononi alishika kichwa cha zipu.

"Kimetoka," alisema. "Meno yameng'ang'ana. Zipu haishuki wala haipandi."

Nikajaribu mwenyewe, pale pale mbele ya watu, kwa kucha, kwa meno, kwa ufunguo wa nyumba. Zipu ya fungu la mabaki ikagoma. Njia pekee ilikuwa kufumua mshono wa mgongo, na mkasi ulikuwa ndooni kwa askari.

"Chana," alisema Mama Mita.

"Siwezi kulichana. Ni la mke wangu."

"Basi nami nitakaa ndani yake mpaka lini?"

"Mpaka tufike. Nje ya uwanja hatukosi mtu mwenye mkasi."

Saa mbili ikafika, ndege haikufika. Ubao ukaandika kwamba imechelewa. Saa tatu ukaandika vilevile. Saa nne hawakujisumbua kuandika, wakauzima.

Nikaenda kuuliza. Kijana wa shirika alikuwa na upole wa mtu aliyezoea kutukanwa.

"Ndege yenu ipo, mzee. Ila bado iko mji mwingine."

"Si mlete nyingine?"

"Nyingine ipi?"

Nilipomweleza Mama Mita kwamba shirika lote lina ndege moja, alicheka mpaka shanga mbili zikadondoka. Niliziokota. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kikao ni saa ngapi.

"Saa nane."

"Na sasa hivi saa ngapi?"

"Saa tano."

"Mpigie simu mkeo."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli. Huo nao mpaka ushuke bei?"

Nilijizungusha mpaka saa sita, nikapiga.

"Mama Pacha, ndege imechelewa kidogo."

"Haijachelewa," akajibu. "Kaka ameulizia asubuhi. Ndege ya shirika kubwa imetua saa tatu na nusu. Tumekutafuta kwenye simu hupatikani."

Nilikuwa nimeizima ili betri isiishe.

"Ile ilijaa," nikasema. "Nimehamia hii nyingine."

"Ile nyekundu?"

"Hiyo."

Nilisikia sauti ya shangazi kwa nyuma ikiuliza kama nakuja au siji. Nikangoja simu ikatwe.

"Umekula?" mke wangu akauliza.

Sikulitarajia swali hilo. "Sijala tangu asubuhi."

"Hiyo ndege haitui mjini, unajua? Inatua ule uwanja wa zamani, mwendo wa saa nzima kwa gari, na huko hakuna basi. Mjomba ana safari yake, saa kumi na mbili jioni lazima aondoke, na bila yeye hakuna kikao. Nitakuja na kaka kukupokea."

"Usijisumbue, Mama Pacha."

"Nakuja," akasema. "Kama umeamua kuja kweli, na mimi nakuja nusu ya njia."

Kwa miezi mitatu nilikuwa nikiomba nisikie neno la namna hiyo. Nimelisikia, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kumgeukia mwanamke mwingine aliyevaa gauni lake na kumwuliza kama anaweza kupumua ndani kwa nguvu mara moja, labda zipu itashuka. Haikushuka.

Ndege ilikuja saa saba na dakika arobaini. Mlangoni kijana yule mpole akatuzuia, akafungua boksi, akatoa tepe mbili nyekundu za kuvaa begani hadi kiunoni. Zilikuwa zimeandikwa kwa herufi za dhahabu, Wawili Wapendanao.

"Za nini hizi?"

"Masharti ya ofa, mzee. Mlibonyeza nakubali."

Nilibonyeza. Nani anasoma masharti?

"Mtavaa mpaka mtoke uwanja wa kule," aliendelea. "Na mkifika, pale mlango wa kutokea, mpiga picha wetu atawapiga picha mmeshikana mikono. Ni kwa ajili ya matangazo. Asiyetaka picha analipa tofauti, kutoka robo mpaka nauli kamili, kwa watu wote wawili."

Mama Mita alivaa utepe juu ya shanga. Tulipokaa kwenye viti, magoti yangu yakigusa meno, ndipo alipoanza.

"Mkeo anakuja uwanjani."

"Ndiyo."

"Na mimi nimevaa gauni lake."

"Ndiyo."

"Na kifuani nimeandikwa mapenzi."

"Ndiyo, Mama Mita."

"Fundi, tukifika, lipa hiyo tofauti. Usifikiri, usiulize, toa hela ulipe. Sehemu yangu nitakurudishia Jumatatu."

"Nitalipa."

"Apa."

Nikaapa. Na nilikusudia, naomba mniamini. Njia nzima nilikuwa nimeshika mfuko wenye pesa, najiambia kwamba leo ndiyo siku ya kubadilika. Nilijiona nikizihesabu mezani kama mwanamume, bila kuuliza chochote. Nilijiona nikitembea mpaka kwa mke wangu mikono mitupu, utepe umeshatupwa, nikimweleza yote mwenyewe kabla hajauliza.

Tulitua saa tisa na dakika ishirini. Uwanja ulikuwa ukumbi mmoja wenye mlango wa kioo. Dada mwenye fulana nyekundu alitupokea kwa tabasamu, mpiga picha akiwa tayari mlangoni.

"Hatutaki picha," nikasema. "Tunalipa tofauti."

Mama Mita akanipigapiga mgongoni. Dada akafungua kitabu chake, akatafuta kwa kidole, akataja bei.

Akaitaja vizuri tu, bila ubaya. Lakini mkono wangu ukabaki mfukoni. Nikatazama nje kupitia kioo. Palikuwa na watu sita au saba, na mke wangu hakuwemo. Nikafikiri kwamba labda hawajafika. Barabara ni ndefu, na gari la shemeji ni la zamani.

"Ni picha moja tu, mzee," alisema mpiga picha. "Sekunde moja."

"Fundi," alisema Mama Mita.

"Ni sekunde moja," nikamwambia.

"Uliapa."

"Hawajafika bado. Tunapiga, tunavua tepe, tunatafuta mkasi. Hakuna atakayejua."

Alinitazama kwa namna anavyomtazama mteja anayetaka kurudisha kitambaa kilichokwisha kukatwa. Kisha akatoa mkono, kwa sababu na yeye tofauti ilikuwa inamhusu, nami nikaushika. Mlango ukafunguka. Mpiga picha akarudi nyuma hatua mbili, akainama, akapiga.

Alipoinuka, mke wangu alikuwa amesimama nyuma yake.

Walikuwa wamefika mapema, mke wangu na kaka yake. Walikuwa wamekaa kivulini, upande ambao kioo hakikuonyesha. Mkononi alishika chupa ya maji na mkate uliofungwa kwenye karatasi, kwa sababu nilimwambia sijala. Katika mambo yote ya siku hiyo, mkate ule ndio uliniumiza kuliko yote.

Mama Mita ndiye aliyeuchomoa mkono wake. Mimi nilikuwa nimesahau kuuachia.

Mke wangu hakupiga kelele. Alisogea, akasoma utepe wangu, akasoma wa Mama Mita. Kisha akashika bega la gauni kwa vidole viwili, akageuza pindo, akatazama mshono kwa ndani.

"Hili umeshona wewe," akaniambia. "Na ni kipimo changu."

"Ni lako, mdogo wangu," alisema Mama Mita. "Zipu imekwama. Ningekuwa na mkasi ningekwisha kulivua."

"Sikuulizi wewe, mama. Shikamoo, lakini sikuulizi wewe." Akanigeukia. "Nijibu jambo moja tu, Baba Pacha. Ni mwanamke mwingine, au ni bei?"

Mngekuwa nyinyi mngejibu papo hapo. Jibu lilikuwa moja, la kweli, na nilikuwa nalijua. Lakini nilisimama pale, mbele ya mke wa miaka kumi na minane, nikawa napima jibu lipi litanigharimu kidogo. Nikisema mwanamke, nimekwisha. Nikisema bei, nimerudi kwenye viatu, na juu yake uongo wa shirika kubwa. Nilikuwa bado napima alipotikisa kichwa.

"Unapiga hesabu," akasema. "Nakuona."

"Ni bei," nikasema. "Ni bei tu, Mama Pacha. Huyu ni Mama Mita, ndiye anayeniuzia vitambaa. Tiketi ya robo ilikuwa ya mume na mke. Gauni lilizidi uzito nikamvalisha yeye. Zipu ni ya mabaki. Shirika kubwa halikujaa, sikuwahi kukata tiketi yao. Na hapo mlangoni ningeweza kulipa nisipige picha. Pesa ninayo, hii hapa mfukoni. Nikaona hujafika."

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Shemeji alitazama viatu vyake.

"Afadhali angekuwa mwanamke mwingine," mke wangu akasema.

"Usiseme hivyo, mdogo wangu," alisema Mama Mita.

"Nasema kweli. Hapo ningejua nimeshindwa na mtu. Ningemtazama nikaona kanizidi nini. Sasa nimeshindwa na nini? Na robo ya nauli?"

Nimewasimulia mengi kwenye safu hii, na mengi tumecheka pamoja. Hili sikulicheka. Niliona haya, haya ya kweli, ya kutaka ardhi ipasuke, kwa sababu hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekwisha kulifikiria siku nyingi na leo amepata uhakika.

Akampa Mama Mita chupa ya maji. Mkate akabaki nao, akatoka nje, nasi tukamfuata.

Shemeji ni fundi wa vigae. Pikapu yake ilikuwa imejaa maboksi ya vigae nyuma mpaka juu, na mbele ina viti vitatu. Akaingia kwenye usukani. Mke wangu akafungua mlango wa upande wa pili, akasimama ameushika.

"Kuna nafasi ya mtu mmoja," akasema.

Nikapiga hatua.

"Si wewe. Mama, panda wewe."

"Mimi?" Mama Mita akajishika kifua, kwenye herufi za dhahabu.

"Wazee wamekaa wanangoja, na lazima wamsikie mtu anayejua ilivyokuwa. Nyumbani kuna mkasi, nitakufumulia mwenyewe."

"Na yeye?"

"Yeye alisema atakuja," mke wangu akajibu. "Basi na aje."

Mama Mita akapanda, utepe na shanga na yote, akanitazama kwa huruma kupitia kioo cha mbele. Mke wangu akapanda baada yake, akafunga mlango. Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Mwendo ni saa nzima, na mjomba alikuwa anaondoka saa kumi na mbili. Nilikuwa na muda, kama ningekuwa na gari.

Nikageuka. Uwanja mzima ulikuwa na teksi moja, na dereva wake, mzee mwenye kofia ya sufu, alikuwa ameegemea mlango akimenya chungwa kwa utulivu. Alikuwa ameshaona kila kitu.

"Mjini," nikamwambia.

Akataja bei. Ilikuwa mara nne ya nauli yangu ya ndege. Nikashika mfuko. Pesa ilikuwemo, ileile niliyoapa kuilipa, yote, na ingetosha.

Dereva akanipima kuanzia utepe mpaka viatu, na macho yake yakasema ameshajua ni mtu wa namna gani amesimama mbele yake.

"Lakini tunaongea, mzee mwenzangu," akasema. "Wewe taja yako."

Miaka yangu yote nimeishi nikiyasubiri maneno hayo. Mdomo ukafunguka wenyewe.

Nyuma yangu injini ya pikapu ilikuwa imeshawashwa, ila gari halijaondoka. Mke wangu alikuwa ameshusha kioo ili asikie.